Tochi ya nanomita 365 na nge mdogo wa Kalahari

Uroplectes carinatus ni nge wa sentimita chache tu, mkia ukiwemo. Hukaa chini ya mawe kwenye maeneo makavu ya Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Usiku, kwa tochi ya kawaida, utampita hata ukiwa umeinama juu yake. Tochi ya urujuanimno (miale ya UV) ndiyo humfichua, kwa kuwa gamba lake hung'aa kijani-samawati. Lakini si kila tochi ya aina hii inafaa.

Zile za bei nafuu huwa za nanomita 395 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kwa nge wakubwa wa jenasi ya Parabuthus zinatosha. Kwa huyu mdogo hazifai, kwani humwaga mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, na mng'ao wake unamezwa humo, hasa kwenye mchanga mweupe. Tochi ya 365 yenye kichujio cha kioo cheusi huiacha ardhi gizani, kisha nge anawaka peke yake. Kichujio kijaribiwe kwenye jiwe lisilong'aa: likigeuka zambarau kali, kichujio hakipo au ni duni. Usitumie karatasi nyeupe wala nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya unga, maana hivyo huwaka buluu chini ya tochi yoyote ya urujuanimno.

Kasoro kubwa ya tochi ya 365 ni joto. Zenye umbo dogo hupata moto upesi na mwanga hufifia hata betri ikiwa imejaa, basi chagua yenye mwili mnene wa alumini na ubebe betri ya akiba. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno. Miale hii karibu haionekani, hivyo jicho halikwepi.

Usiilaumu tochi usiku wa mbalamwezi kali, nge wengi hubaki mafichoni. Aliyejivua gamba karibuni naye hang'ai mpaka gamba jipya likauke.

Ukishampata, washa mwanga mweupe kabla ya kumgusa. Urujuanimno hufuta rangi, na mtoto wa Parabuthus, ambaye sumu ya jamii yake ni ya hatari, anaweza kudhaniwa ndiye Uroplectes. Tazama juu ya pingili mbili za kwanza za mkia: Parabuthus ana eneo lenye chembechembe za kukwaruza. Ukibaki na shaka, mwache. Kama ni lazima kumshika, tumia kibano kirefu cha sentimita 25, umbane mkia taratibu.