Bima ya moto na mafuriko kwa duka la bondeni: uzoefu wangu

Nina duka la jumla la vyakula Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoshukia Mto Msimbazi. Nauza mchele, sukari, unga, mafuta ya kula na sabuni. Nimelikatia bima kwa miaka kadhaa, na masika ya 2024 ndiyo mara ya kwanza nikadai fidia. Kampuni siitaji, maana mikataba yao inafanana sana. Tofauti utaiona siku ya kudai.

Nianze na kinachowachanganya wengi. Bima ya moto ya kawaida inabeba moto, radi na aina fulani za milipuko, basi. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi na ghasia ni nyongeza, na lazima ziandikwe kwenye mkataba. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba ambazo bima ya moto tupu isingelipa hata tofali. Mimi benki ilinitaka nikate bima ya moto ili nipate mkopo, na ofisa mikopo hakuuliza kama duka liko mlimani au bondeni. Kilichomhusu yeye ni mkopo wake. Dalali wa bima ndiye aliyeniambia, "Dada, kwa hapa ulipo, moto ni wa pili. Cha kwanza ni maji."

Lakini kununua hayo mafuriko si kazi rahisi, na sababu yake inaeleweka. Moto ukizuka unakula duka moja au safu moja. Mto ukifurika unaingia kwa watu wote usiku huohuo, na wote wanakuja kudai asubuhi moja. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambazo wataalamu walisema hazijaonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki, na baadhi ya waliokuwa wakiishi bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hakuna kampuni inayotaka kubeba usiku kama ule peke yake. Kwa hiyo nayo inajikatia bima, wanayoiita bima mtawanyo, kwa mashirika makubwa kama Tan-Re hapa Dar, ZEP-RE ya Nairobi au Africa Re ya Lagos. Ukimwona wakala anasitasita ukitaja Msimbazi, usidhani anakuringia.

Kabla ya kunikubalia walimtuma mkaguzi. Akatazama mtaro, akauliza maji ya mwisho yalifika wapi, akapiga picha mlangoni. Mkataba ukaja na masharti mawili mazito: mzigo wote ukae juu ya chaga, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, na eksesi ya mafuriko, yaani sehemu ya hasara ninayoibeba mwenyewe, iwe kubwa kuliko ya moto. Ada ikapanda, halafu VAT ya asilimia 18 juu yake. Nililalamika, nikalipa.

Thamani ya mzigo nayo inataka umakini. Watu hutaja ndogo ili ada iwe nafuu. Ukiandika milioni 20 wakati dukani mna mzigo wa milioni 40, na maji yakaharibu wa milioni 10, utalipwa milioni 5, tena kabla ya eksesi. Wanahesabu kwamba nusu ya duka hukuikatia bima. Mimi naandika thamani ya kipindi ambacho stoo imejaa, kuelekea Ramadhani.

Sasa madai yenyewe. Aprili 2024 maji yaliingia alfajiri. Mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini, kwa hiyo mie na magunia yangu sikuwa na la kulilia sana. Nilipiga simu kwa dalali kabla sijaanza kufagia, naye akanikataza kutupa chochote hadi mkadiria hasara afike.

Alikuja kijana mwenye buti na tepu. Akapima mstari wa tope ukutani, kisha akapima urefu wa chaga. "Mama, naomba nisogeze hilo gunia," akasema, akalivuta la sukari lililokuwa chini kabisa. Juu lilikuwa kavu, chini limeyeyuka, sharubati nyeusi inachuruzika kati ya mbao. Akaandika. Katoni za sabuni alizitenga: miche iliyoloa bado inauzika kwa bei ya kutupa, na bei hiyo ilikatwa kwenye fidia yangu kama mabaki. Hapo sikuwa na ubishi.

Tulibishana kwenye mchele. Sukari na mafuta vina risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, lakini mchele wa Kyela nanunua kwa mtu anayekusanya kwa wakulima, na mkulima hana mashine. Mkadiria akataka kuukata wote. Kilichouokoa ni risiti za ushuru wa mazao wa halmashauri zilizokuja na lori, pamoja na miamala ya simu niliyomlipa msambazaji. Tangu hapo risiti za ushuru naziweka faili moja na mkataba, nyumbani.

Fidia ilikuja kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Wiki ambazo duka lilifungwa sikulipwa kitu, kwa sababu hasara ya kusimama kwa biashara ina bima yake ambayo sikuwa nayo. Ucheleweshaji ndio ulionichosha: kila nikipiga simu naambiwa faili liko kwa mkubwa. Dalali alipotaja barua kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, faili likashuka haraka. Kiasi walicholipa kilikuwa cha haki ukiangalia mkataba, nami nilirudisha mzigo bila kukopa upya.

Mwaka uliofuata wamenipandishia eksesi ya mafuriko, nami nimekubali na kuhuisha. Kwa mwenye duka bondeni, naipendekeza, mradi neno mafuriko ulione kwa macho yako kwenye mkataba na awepo dalali anayepokea simu. Ndugu yangu ana duka ghorofa ya pili Kariakoo. Yeye nimemwambia aachane na mafuriko, achukue moto pamoja na kupasuka kwa mabomba ya maji.