Kamera za nyumbani na kengele za video ambazo video inabaki kwako: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kabla hujaangalia megapikseli jiulize swali moja: nikichomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta sasa hivi, hii kamera itaendelea kurekodi, na mimi nikiwa humu ndani nitaweza kuitazama? Hilo swali ndo nimelitumia kupanga orodha yote hapa chini, maana mengine yote, rangi usiku, kuzunguka, sauti, yanakuja baadae.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya wifi, ndogo, nikaiweka sebuleni inaangalia mlango. Siku moja intaneti ikakata, mi nimesimama hatua tatu kutoka kwenye kamera, simu mkononi, wifi ya ndani iko fresh kabisa, na apu inazunguka tu inazunguka mpaka ikaandika kifaa hakipatikani. Yaani picha ya sebule yangu ilikuwa inasafiri mpaka kwenye seva ya watu huko nje ndo inirudie mimi niliyesimama pale pale. Nikaitoa ukutani wiki hiyo hiyo.

Na hili sio suala la intaneti kukata tu. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliifikisha Ring, kampuni ya kengele za video ya Amazon, kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 5.8, mojawapo ya madai ni kwamba wafanyakazi waliweza kuangalia video za ndani za wateja. Februari 2024 watumiaji kama 13,000 wa kamera za Wyze walionyeshwa vipicha vya kamera za watu wengine baada ya huduma kurudi hewani. Eufy, kampuni nyingine ya kamera, walikuwa wanauza kwa sifa kwamba kila kitu kinabaki nyumbani, alafu mwishoni mwa 2022 ikaonekana vipicha vya matukio vinapanda klaudi, yaani kwenye seva za mtandaoni, bila mteja kujua. Kwahiyo maneno ya kwenye boksi hayatoshi, angalia kamera inaongea lugha gani. Unachotafuta ni RTSP na ONVIF. RTSP ni njia ya wazi ya kutoa video, programu yoyote ndani ya mtandao wako inaichukua, na ONVIF ni makubaliano yanayofanya kamera ya kampuni hii ielewane na rekoda ya kampuni ile. Kama karatasi ya maelezo haina hata moja kati ya hayo, mi naipita.

Namba moja kwangu, bila kusita: kamera ya waya ya PoE yenye RTSP, pamoja na programu ya kurekodi inayoitwa Frigate kwenye kompyuta ndogo. PoE maana yake waya mmoja wa mtandao unabeba umeme na video, unaweza kufika mita 100 kutoka kwenye swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwa waya), na ukiweka UPS moja, betri ya akiba, kwenye swichi na kompyuta basi kamera zote zinabaki hai umeme ukikatika. Wifi inaweza kuvurugwa na mtu akiwa nje na kifaa kidogo tu, waya hauvurugwi hivyo. Frigate ni programu huria, haina ada wala akaunti, inatambua mtu, gari, paka, humo humo ndani. Haihitaji mashine kubwa, kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel ya miaka ya karibuni inafanya kazi hiyo kwa kutumia grafiki zake za ndani, au unaongeza chipu kama Hailo au Coral. Ujanja wake ni kwamba inachukua strimu mbili, yaani mitiririko miwili ya video ya kamera ile ile, ile ndogo ndo inachunguzwa, kama picha 5 kwa sekunde, na ile kubwa inaandikwa moja kwa moja kwenye diski bila kuchakatwa upya, ndo maana mashine haichemki. Ukiiunga na Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani, unapata taarifa kwenye simu, taa ya nje inawaka mtu akipita, mambo hayo.

Ubaya wake niuseme: utaandika faili la setingi kwa mkono, utagombana na Docker (njia ya kuendesha programu kama Frigate kwenye kompyuta) jioni mbili tatu. Kama hutaki kabisa hiyo habari, nenda namba mbili.

Namba mbili ni boksi la rekoda lililo tayari. Rekoda ya Reolink unachomeka kamera nyuma yake, unaunga na runinga, imeisha, na inarekodi hata kama nyumba haina intaneti kabisa. UniFi Protect, mfumo wa kamera wa kampuni ya Ubiquiti, ni nzuri zaidi kutumia, apu yake ni ya raha, video inakaa kwenye kifaa chako, na tangu 2024 inapokea hata kamera za ONVIF za kampuni nyingine. Lakini ukiweka UniFi tengeneza akaunti ya ndani na uzime ufikiaji wa mbali kupitia kwao, maana Desemba 2023 kosa la kwenye klaudi yao lilifanya baadhi ya watu waone vifaa vya wengine. Kama tayari una NAS (boksi la diski la mtandaoni nyumbani) ya Synology, programu yake ya kamera, Surveillance Station, inakuja na leseni mbili za kamera bure, inatosha kuanzia. Wenye Windows wana programu ya Blue Iris, ya siku nyingi na bado iko imara.

Namba tatu, kwa wenye vifaa vya Apple tu, HomeKit Secure Video. Hii sio ya kujihifadhia mwenyewe, video inakaa iCloud na unahitaji iCloud+ ya kulipia, ila uchambuzi unafanyika nyumbani kwenye Apple TV au HomePod na video inafungwa kwa msimbo wa siri kabla haijatoka, Apple wenyewe hawaioni. Kwa mzazi ambaye hatagusa Docker maisha yake yote naona ni afadhali kuliko klaudi ya kawaida.

Namba nne ni kamera ya wifi yenye memori kadi na RTSP. Inafaa kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta. Ila kumbuka mwizi akiibeba kamera amebeba na ushahidi, kwahiyo bado iunge na rekoda iliyofichwa ndani.

Za betri mi naziweka mwisho. Ili betri ikae zinalala muda wote, zinaamka mtu akishapita nusu ya njia, na nyingi hazitoi RTSP zenyewe.

Sasa kengele za mlangoni, hapa ndo watu wengi wanakwama maana chaguo ni chache. Ya kwanza kwangu ni Reolink Video Doorbell toleo la PoE, ina RTSP na ONVIF, ina nafasi ya memori kadi, na Home Assistant inaijua mpaka kitufe kikibonyezwa. Zingatia kwenye fimuweya (programu ya ndani ya kifaa) mpya milango ya RTSP na ONVIF inakuja imezimwa, usidhani kifaa kibovu, ingia kwenye setingi za mtandao uiwashe. Kama mlangoni hakuna waya wa mtandao lakini kuna nyaya za kengele ya zamani, chukua toleo lao la wifi au Amcrest AD410, nayo inatoa RTSP. Kabla ya kuagiza pima transfoma ya kengele yako, nyingi za zamani zinatoa umeme mdogo kuliko kengele ya video inavyotaka, alafu unaishia na kifaa kinachojizima usiku taa za infraredi zikiwaka. Kuongea na mgeni kupitia mfumo wako mwenyewe inawezekana, lakini brauza hazitoi maikrofoni mpaka ukurasa uwe wa HTTPS, ule wenye alama ya kufuli, hicho kitu kimenipotezea siku nzima.

Diski hesabu hivi: kamera moja ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 na kidogo kwa siku. Kamera nne ni karibu 173, kwahiyo diski ya terabaiti 2 inakupa siku kama 11 za kurekodi mfululizo. Chukua diski za kamera, WD Purple au SkyHawk, zimetengenezwa kwa kuandikwa usiku na mchana.

Alafu mtandao. Kamera ziweke kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya mtandao wako, zizuie zisitoke nje kabisa, badilisha paswedi ya kiwandani siku hiyo hiyo, maana virusi vya Mirai vya 2016 vilijaa kwenye kamera na rekoda za watu kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu. Usifungue mlango wowote (port) kwenye ruta ili uangalie ukiwa safarini, tumia WireGuard au Tailscale, njia za siri za kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali. Na kitu kimoja ambacho hakiandikwi sana: kamera ikizuiwa intaneti inakosa pa kuulizia saa. Yangu ya nyuma ilibaki nyuma dakika kumi na saba kabla sijagundua, nilikuwa natafuta gari lililogonga geti saa mbili na robo, kila ninapoangalia hakuna gari. Washa seva ya NTP, inayogawa saa sahihi, kwenye ruta yako na uzielekeze kamera zote hapo.

Mzigo ukifika usitoboe ukuta kwanza. Iwashe mezani, chomoa intaneti, fungua strimu yake kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kwenye laptopu, iache hivyo usiku mmoja, na asubuhi uangalie kama kila saa imerekodiwa. Ikishindwa irudishe ndani ya boksi lake kabla muda wa kurudisha haujaisha.