Pweza wa nazi, Paje: mtamu, lakini sahani ni 42,000

Mama yangu analima mwani Paje, Unguja, tangu 1989, mwaka kilimo hicho kilipoanza pale na Jambiani. Muda mrefu nilimuahidi kumpeleka mkahawa wa hoteli iliyojengwa mbele ya shamba lake. Jumamosi nilipanda gari ya 309 kutoka mjini, nikamchukua, tukaenda.

Chakula kinastahiki sifa. Pweza kalainika bila ya kuvurugika, tui zito la nazi ya kukunwa, ndimu na pilipili mbichi kwa kiasi. Mama si mtu wa kusifu ovyo, naye alisema mpishi huyu kafunzwa na mtu mzima. Juisi ya ukwaju maji matupu, msiiagize.

Bei mama aliiuliza mara mbili. Mara ya mwisho mwani wake mkavu aliuuza kilo shilingi 700, akapiga hesabu palepale: sahani moja ni kilo 60. Kilo 60 ni kamba ngapi za kufungwa taitai (vijikamba vya kushikia mwani) moja moja, umeinama majini, halafu ungoje wiki sita ukue? Na pweza huyu zamani ndiye aliyekuwa kitoweo cha nyumba isiyo na pesa. Siku hizi wanawake wakirudi kuvua maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali, mnunuzi keshafika na mizani yake, pweza wote wanakwenda hotelini.

Mhudumu alinijua. "Shikamoo mwalimu." Nilimsomesha darasa la tano. Nikamuuliza kama amewahi kumla pweza wa hapa. Akasema wao hupikiwa wali na maharage, na masika wageni wakipungua husimamishwa bila ya malipo.

Bei ya karafuu ilipoporomoka miaka ya 1980 tuliufungulia utalii milango, na mie siupingi, mdogo wangu amejenga kwa pesa hiyo. Lakini ardhi ni ya Serikali, mwekezaji hukodishwa, na sisi tulilipwa minazi yetu tu, mara moja, basi. Hata njia ya kwendea pwani imezibwa ukuta. Mama ana miaka 66, na huzunguka robo saa nzima na gunia la mwani mbichi kichwani.

Wenye mkahawa, mpishi mnaye. Wekeni bei ya wenyeji, na walipeni vijana masika. Kwa jiko natoa nyota nne. Kwa yaliyobaki sitoi nyota mpaka ile njia ifunguliwe.