Drools 7: uzoefu wangu wa kuondoa kanuni bila kuzima seva

Natumia Drools, injini ya Java inayoendesha kanuni za biashara, kwa kanuni za riba na punguzo. Sababu kubwa ya kutoihama ni kwamba kanuni inaweza kutolewa mfumo ukiwa kazini.

Amri ni fupi, nazo huitwa kwenye KieBase, yaani mkusanyo wa kanuni zote zilizopakiwa. Kanuni moja: kieBase.removeRule("mikopo.riba", "Punguzo la Desemba"). Kifurushi kizima: kieBase.removeKiePackage("mikopo.riba"). Jina la kifurushi ni lile la mstari wa package ndani ya faili ya DRL (faili ya kuandikia kanuni), si la folda. Ukikosea herufi, removeRule inakurushia IllegalArgumentException. Kama sesheni (kikao kinachoendesha kanuni juu ya data) inaendeshwa mfululizo kwa fireUntilHalt, isimamishe kwanza kwa halt().

Kinachosumbua hasa ni mabaki. Kanuni ikitoka, utekelezaji wake uliokuwa ukisubiri kwenye ajenda (foleni ya kanuni zinazongoja zamu) unafutwa, lakini data iliyokwisha kuingizwa na kanuni hiyo kwa insert inabaki kwenye kumbukumbu, na riba iliyokwisha kubadilishwa hairudi ilivyokuwa. Kilichoingizwa kwa insertLogical, yaani kwa kufungwa na sharti la kanuni, huondoka chenyewe, mradi hakuna kanuni nyingine inayokishikilia. Kwa hiyo kanuni ya muda naiandikia insertLogical tangu mwanzo. Kufuta kifurushi kizima sikupendi: function zake nazo zinakwenda, na huenda DRL nyingine inazitegemea.

Halafu ufutaji huu unaishi kwenye kumbukumbu tu. Seva ikiwashwa upya, KieContainer (kitu kinachopakia kanuni) inajenga KieBase kutoka jar ileile, yaani kifurushi kilekile cha programu, na kanuni inarudi kama haijaguswa. Ukiwa na seva mbili, ya pili haina habari. Ndiyo maana removeRule naiona ni ya majaribio na dharura. Kwa kazi halisi, toa kanuni kwenye DRL, pandisha toleo kutoka 1.0.0 hadi 1.0.1, jenga jar mpya kwa Maven (zana ya kujengea programu za Java), kisha ita kieContainer.updateToVersion(releaseId). Usipuuze Results inayorudishwa, kagua hasMessages(Message.Level.ERROR). KieScanner, kichunguzi cha matoleo mapya, hufanya usasishaji huo yenyewe, start(10000L) ikiwa ni kila sekunde 10, ila ukiifungia toleo mahususi haitaona jipya. Ipe LATEST.

Na kwa ofa ya msimu, mbona ufute? Weka kwenye kanuni date-expires "01-01-2026", tarehe ya kuisha kwake, pamoja na -Ddrools.dateformat=dd-MM-yyyy. Ukiandika 31-12-2025, ofa inakatika saa sita usiku wa kuamkia tarehe 31, na wateja wa siku hiyo wanaikosa.