Guta la Zamani la Kiwandani: Lipi Linunuliwe kwa Ajili ya Kufufuliwa

Mtu anayetaka kufufua guta la zamani, yaani baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu iliyoundwa kwa kazi za viwandani na maghalani, kwa kawaida huanza kutazama rangi na sanduku, na hapo ndipo fedha zake zinapoanza kupotea. Rangi hupakwa upya na sanduku huundwa na seremala yeyote makini, lakini ekseli iliyopinda, habu (kitovu cha gurudumu) ambayo nyuzi zake za skrubu zimelika, au rimu ya kipimo kisicho na tairi madukani, vyaweza kusimamisha kazi nzima kwa miezi. Kwa hiyo maguta yamepangwa hapa kwa kigezo kimoja: ni sehemu ngapi kati ya zile ngumu kupatikana ambazo bado zipo na zinafaa kutumika.

Nafasi ya kwanza naipa guta la magurudumu mawili nyuma na moja mbele lililotoka moja kwa moja kiwandani au ghalani, chafu, lenye rangi iliyobanduka, lakini ambalo halijaguswa na mtu. Kampuni ya Worksman, iliyoanzishwa New York mwaka 1898, ni miongoni mwa zilizojijengea jina kwa baiskeli za aina hii, na wapo watengenezaji wengine wa Marekani na Ulaya waliofuata mtindo huohuo: fremu ya chuma kizito, jukwaa au kapu nyuma, na spoku nene kuliko za baiskeli ya kawaida. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, ilhali ya guta la kiwandani hukaribia milimita 3, na tofauti hiyo ndiyo inayoliwezesha gurudumu kuhimili nguvu za kusukumwa kando. Guta halilali linapokata kona kama baiskeli ya magurudumu mawili inavyolala, kwa hiyo uzito wote wa kona huyaangukia magurudumu kwa ubavu. Mnunuzi anayekuta spoku nyembamba zimewekwa badala ya zile za asili ajue kwamba atalazimika kusuka magurudumu upya.

Sehemu inayostahili kukaguliwa kwa muda mrefu zaidi ni ekseli ya nyuma. Katika maguta mengi ya mpangilio huu, cheni huzungusha gurudumu moja tu la nyuma, na la pili huachwa lizunguke lenyewe, ili magurudumu hayo yaweze kwenda kwa kasi tofauti katika kona. Mkaguzi aliinue guta juu ya kigogo, azungushe kila gurudumu, kisha atazame ncha ya ekseli: ikichora duara hewani badala ya kutulia mahali pamoja, ekseli imepinda. Baada ya hapo alishike gurudumu juu na chini alitikise, kwa kuwa mchezo mdogo, yaani kulegea kidogo, huashiria beringi zilizochakaa, jambo jepesi, ilhali mchezo mkubwa waweza kumaanisha kwamba nyumba ya beringi yenyewe imetanuka, na hilo linahitaji fundi wa mashine ya kukereza. Mwisho apitishe kidole chini ya viungo vyote vilivyochomelewa, hasa pale jukwaa linapokutana na mabomba ya fremu. Ufa mwembamba hujitokeza kama mstari wa kutu uliokatiza rangi.

Nafasi ya pili ni guta lenye magurudumu mawili mbele na sanduku kati yake, mfano wa yale yaliyouza aiskrimu katika mitaa ya Uingereza kuanzia miaka ya 1920. Kwa mtu anayekusudia kulitumia guta kuuzia bidhaa, hili lina faida kubwa ya kuuweka mzigo mbele ya macho ya mwendeshaji. Halikupata nafasi ya kwanza kwa sababu ya usukani wake. Katika mengi ya maguta hayo sanduku zima hugeuka pamoja na magurudumu juu ya mhimili mmoja, na mhimili huo hubeba uzito wote wa mbele, kiasi kwamba ukichakaa guta hutangatanga hata barabara ikiwa nyoofu. Sanduku la asili lenye tabaka la kuzuia joto nalo huhifadhi maji ndani ya kuta zake, mbao zikaoza na chuma kikaliwa bila dalili yoyote kwa nje. Ajabu ni kwamba guta la namna hii lililokwisha kupoteza sanduku lake mara nyingi ni ununuzi bora kuliko lililo kamili, kwani fremu yote huonekana waziwazi. Isipokuwa, bila shaka, sanduku likiwa bado na maandishi ya asili yaliyochorwa kwa mkono. Hapo lisafishwe tu, lisipakwe rangi.

Kabla ya kukubaliana bei ya guta la aina yoyote, vipimo vya tairi visomwe kwa makini. Tairi tatu zinazoitwa zote za inchi 26 zaweza kuwa za rimu tatu zisizoingiliana: ile ya 26 x 2.125 hukalia kipenyo cha milimita 559, ile ya 26 x 1¾ iliyotumiwa na Schwinn, kampuni ya baiskeli ya Marekani, hukalia milimita 571, na ile ya 26 x 1⅜ hukalia milimita 590. Ya kwanza hupatikana karibu kila mahali, nyingine huenda zikahitaji kuagizwa. Cheni nayo ipimwe: ya kawaida ina nusu inchi kati ya pini na pini, lakini baadhi ya baiskeli za Marekani za kabla ya miaka ya 1950 zilitumia cheni ya inchi moja inayopita juu ya meno yaliyoachana, na kuibadilisha kunalazimu kubadilisha meno ya mbele na ya nyuma pamoja.

Nafasi ya tatu ni kununua guta jipya linalotengenezwa kwa mtindo wa zamani. Asiye na karakana wala subira achague hili bila aibu.

Ya nne, chini kuliko wengi wanavyotarajia, ni guta ambalo muuzaji anasema limekwisha kufufuliwa. Rangi mpya nene huficha nyufa na viraka vya kuchomelea, na mara nyingi aliyepaka hakufungua beringi hata moja. Bei yake hujumuisha kazi ambayo mnunuzi atalazimika kuirudia. Mtu akubali kulinunua tu iwapo muuzaji ana picha za fremu ikiwa uchi. Fremu tupu isiyo na ekseli wala magurudumu naiweka mwisho kabisa, hata ikitolewa bure.

Bajeti ya kurekebisha iwekwe kando siku hiyohiyo ya ununuzi, na breki zitangulie. Guta nyingi za viwandani zilitegemea breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, ambayo kwenye mteremko mrefu na mzigo mzito hupata joto hadi grisi yake ikaungua. Habu ya mbele yenye breki ya ngoma, inayobana ndani ya habu yenyewe, ndiyo nyongeza bora, kwani breki za kubana rimu hushika vibaya rimu ya chuma iliyolowa. Gia zifuate: habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer hupunguza mwendo hadi asilimia 75 ya ule wa gia ya kati katika gia ya kwanza na kuuongeza hadi asilimia 133 katika ya tatu. Kuondoa rangi kunahitaji tahadhari, kwa sababu rangi za zamani huenda zina madini ya risasi; itumike dawa ya kubandua au msasa wa maji, kamwe si msasa mkavu. Mota ya umeme ije mwisho, ikiwa na mkono wa chuma unaoizuia ekseli isijizungushe ndani ya foki, yaani uma unaoshika gurudumu. Anayeishi katika Umoja wa Ulaya achague mota isiyozidi wati 250 inayosaidia pedali hadi kilomita 25 kwa saa, kwa kuwa ikivuka hapo guta huhesabiwa kuwa chombo cha moto chenye masharti yake ya usajili.