Kishikwambi cha mtoto au cha afisa?

Kenya imejaribu njia mbili za kuinua masomo katika shule za msingi, na zote zina kishikwambi. Ya kwanza ilizaliwa na ahadi ya kampeni za 2013: kila mtoto wa darasa la kwanza apate laptopu. Mwaka 2016 vikaja vishikwambi badala yake, jumla vikapita milioni moja. Baadhi ya shule zilivifungia stoo kwa kuogopa wezi; kwingine umeme ukipotea, somo nalo limekwisha.

Ya pili, Tusome, mpango wa kuwafundisha kusoma watoto wa madarasa ya chini ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, haukuwa na makelele hayo. Mtoto alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa kila kipindi. Kishikwambi kilikwenda kwa afisa aliyezungukia shule. Aliketi nyuma ya darasa akifuatilia somo, kisha akawaita watoto wachache, akasikiliza kila mmoja akisoma kwa dakika moja na kuhesabu maneno aliyopatia. Baadaye alikaa na mwalimu, wakaangalia palipolegea.

Mimi naiona hii ya pili ndiyo yenye mashiko, na wala sichukii mashine. Kishikwambi hicho kimoja kinamfikia mwalimu, na mwalimu ana darasa zima mbele yake. Halafu kitabu hakiishi chaji.