Oposisyo au apeli: hukumu ikitolewa bila wewe kuwepo

Kesi ya parsele (kiwanja) kule Katuba, mmoja hakufika, tribunali ya Lubumbashi ikahukumu. Afanye oposisyo (kuomba tribunali ileile isikilize kesi upya) au apeli (kukata rufaa kwa majaji wa juu)? Kama ulifika na kujitetea, swali hilo halikuhusu: unabaki na apeli tu. Hapa tunazungumzia kesi za madai, si za jinai.

Muda: oposisyo ni siku 15 tangu upewe hukumu mkononi. Apeli ni siku 30, na kwa aliyehukumiwa bila kuwepo zinaanza pale muda wa oposisyo unapokwisha. Kwa hiyo andika tarehe uliyopokea karatasi, na utunze kopi yake vizuri.

Gharama: oposisyo ni nafuu. Inarudi kwa tribunali ileile, na ukishindwa, apeli bado ipo. Lakini usipofika tena, huwezi kufanya oposisyo ya pili.

Apeli inakupa majaji wengine: kutoka tribunali ya amani unapanda tribunali kuu, kutoka hapo Korti ya Apeli. Inapoharibika sana ni kwenye dosye (faili ya kesi). Bila kopi rasmi ya hukumu kutoka grefu (ofisi ya karani wa tribunali), apeli inakataliwa kabla hoja zako hazijasikilizwa, hata ziwe nzuri namna gani! Na dai jipya halipokelewi kule.

Una ushahidi ambao jaji hakuwahi kuuona? Oposisyo inafaa zaidi. Siku 15 zimepita, au jaji aliona kila kitu akakosea sheria? Kimbilia apeli. Na muulize avoka (wakili) kama hukumu imeamriwa itekelezwe mara moja, kwa sababu hapo hakuna njia kati ya hizi inayosimamisha utekelezaji yenyewe.